Nyumba ya Nguzo Moja Imeezekwa kwa Taa ya Bluu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, nimepiga magoti jikoni kama mtu aliyedondosha pete ya ndoa. Pua yangu iko nusu shubiri kutoka mfuko wa nailoni uliojaa majani makavu ya mpunga. Na vimetoka! Jamani, vimetoka! Jana usiku nilipokwenda kulala palikuwa na tundu na utando mweupe tu. Sasa pamejaa vichwa vya kijivu kinachoelekea bluu, kila kimoja kama kichwa cha njiti ya kiberiti, vimebanana kama abiria wa daladala ya Mbagala saa ya jioni. Nimemwamsha mke wangu aje aone. Amekuja, amechungulia, amesema, "Ni uyoga," amerudi kulala.

Ni uyoga, ndiyo. Lakini ngoja nikwambie nani ameuita.

Kitendawili! Tega. Nyumba yangu ina nguzo moja. Jibu kila mtoto analo. Tumetegeana hicho tangu tukiwa na kamasi puani, na mimi sikuwahi kuuliza swali ambalo fundi angeliuliza kwanza: paa limeezekwa na nani? Maana nguzo na paa vyote vimetoka kwenye nyuzi zile zile nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zilizokuwa zimejilalia gizani. Kitu gani kimeziambia: hapa acheni kurefuka, sasa tandazeni? Nimeishi na mifuko mitano na taa moja kwa karibu mwezi mzima, nimesoma mpaka macho yamevimba, na jibu limenilewesha. Ni mwanga. Tena mwanga haba, wa upande mmoja wa upinde wa mvua.

Vilivyokuja kwenye boksi

Mifuko ni ya uyoga mamama, ule wa kijivu wenye kofia kama sikio, na imetoka kwa shangazi yangu Morogoro. Shangazi ni mkulima hasa. Majani ya mpunga anayachemsha kwenye pipa, anayaacha yapoe, anayapanga tabaka kwa tabaka na mbegu iliyooteshwa kwenye punje za mtama, halafu mifuko inaingia chumba cha giza wiki tatu mpaka iwe myeupe pepepe. Hapo ndipo alipoipakia kwenye basi. Imenifikia Dar es Salaam ikiwa ndani ya boksi, bado haijaonja mwanga hata wa mshumaa.

Kifaa cha pili ni ukanda wa taa za LED zinazobadilika rangi kwa rimoti, zile ambazo vijana hubandika nyuma ya televisheni. Nimeununua Kariakoo kwa chini ya bei ya kuku wa kienyeji. Haukutengenezwa kwa ajili ya uyoga na aliyeniuzia alicheka nilipomwambia kazi yake.

Mpango ulikuwa hivi. Mfuko wa kwanza, taa ya bluu, saa kumi na mbili kwa siku. Wa pili, taa nyekundu, saa hizo hizo, na kati yao ubao. Wa tatu, dirishani, upande usiopigwa na jua moja kwa moja. Wa nne, kabatini chini ya sinki, giza totoro. Wa tano nikauacha kwenye boksi kama akiba. Kila mfuko nikautoboa kwa wembe mahali pamoja, nikawa nanyunyizia maji asubuhi, mchana na jioni, na magunia mabichi sakafuni ya kupunguza joto la Dar.

Siku kumi za kwanza

Bluu ilianza. Siku ya tano, alfajiri ile ya magoti. Dirisha likafuata siku hiyo hiyo mchana. Kuanzia hapo ilikuwa kama kuangalia filamu iliyoharakishwa: asubuhi kichwa cha njiti, jioni kidole cha mtoto, kesho yake kofia ndogo inafunguka, keshokutwa imetanda upana wa kiganja na vitamvua vyake vinaonekana chini, vimepangika kama kurasa za msahafu. Siku ya tisa nikavuna mifuko yote miwili. Wa dirishani ulikuwa na kofia nzito zaidi na rangi ya kijivu iliyokolea. Wa bluu ulikuwa umechongoka vizuri, sawasawa, kama umetoka kiwandani.

Mfuko wa nyekundu ulinisononesha. Ulitoa mashina, ndiyo, ila marefu na mekundu ya kuazima, na juu yake vikofia ambavyo hata sisimizi asingejikinga navyo mvua.

Na kabatini, jamani! Siku ya kumi nilifungua mlango nikarudi nyuma hatua mbili. Mle ndani mlikuwa na kitu kama marijani ya baharini: matawi meupe, marefu, yanagawanyika na kugawanyika tena, yamepinda huku na huku yakitafuta. Kofia hakuna. Nguzo, nguzo, nguzo, nyumba nzima ya nguzo na paa hakuna hata la kusingizia. Nikapiga picha, nikamtumia shangazi.

Akanipigia papo hapo. "Shikamoo shangazi." "Marahaba. Huo mfuko umeufungia wapi?" "Kabatini." "Kabatini kuna hewa?" Nikanyamaza. "Basi hapo hujui kama ni giza au ni pumzi."

Amenishika pabaya, na ana haki. Kuvu inavuta oksijeni na kutoa hewa ukaa kama sisi, na hewa ukaa ikijaa mahali pamoja nayo hurefusha shina na kudumaza kofia. Nilikuwa nimechanganya mambo mawili katika kabati moja. Nikautoa mfuko wa akiba, nikauweka jikoni pale pale penye upepo, nikaujengea kichanja cha vijiti na kuufunika kaniki iliyokunjwa mara mbili, chini nikaacha nafasi ya hewa kupita. Giza bila kukosa pumzi. Wiki mbili baadaye nikapenyeza mkono usiku, taa zote zimezimwa, nikapapasa: mashina mafupi kuliko ya kabatini, manene kidogo, lakini vichwani ni butu kama vidole. Hewa imefanya kazi yake kwenye urefu. Kwenye kuezeka, mwanga ndiye fundi, na fundi hakuja.

Mfuko mmoja mmoja jikoni kwangu hauwezi kuitwa sayansi. Lakini wenye sayansi wamefika mbali, na nilipofungua kifuniko kuona mashine ndani inavyofanya kazi, nilisahau kula.

Ndani ya mashine

Kwanza, tuondoe dhana. Mwanga kwa uyoga si chakula. Mahindi yanakula jua. Uyoga hauna ile rangi ya kijani ya kulipikia. Chakula chake ni majani ya mpunga, gogo linalooza, samadi. Mwanga kwa uyoga ni habari. Fikiria hizo nyuzi ndani ya gogo: humo ni usiku wa daima, na humo ni salama, hakuna jua la kukausha. Lakini ukizaa spora humo, vumbi lako la uzazi litakwenda wapi? Linahitaji upepo. Kwa hiyo nyuzi zinahitaji kujua kitu kimoja tu kabla ya kugharamia nguzo na paa: je, tumefika nje? Na hakuna mjumbe wa nje aliye mwaminifu kuliko mwanga.

Sasa sikiliza jinsi zinavyousikia. Kuna protini inaitwa White Collar-1, kola nyeupe, na jina lake lina kisa. Neurospora ni kuvu ya rangi ya chungwa inayopenda kuota kwenye mimea iliyoungua moto. Nyuzi zake zikipigwa na mwanga hugeuka chungwa. Maabara zikapata aina zilizoharibika, ambazo nyuzi zake hubaki nyeupe hata ukiziangazia, na katika chupa ya majaribio zikaonyesha pete nyeupe chini ya vumbi la chungwa, kama kola shingoni. Mwaka 1996, kundi la Giuseppe Macino mjini Roma likaibainisha jeni yenyewe. Mwaka 2002 ikathibitika kwamba protini hiyo haipokei ujumbe kutoka kwa jicho jingine. Yenyewe ndiyo jicho.

Na jicho hilo limetengenezwa kwa nini? Hapa ndipo niliposimama nikazunguka meza. Ndani yake limebeba kiungo kinachotokana na vitamini B2! Ile ile inayougeuza mkojo wako kuwa njano ya kung'aa ukimeza vidonge vya vitamini. Na kwa nini ni njano? Kwa sababu inameza mwanga wa bluu na kuturudishia uliobaki. Unaona? Rangi ya njano unayoiona ni ushahidi wa bluu iliyoliwa. Ndiyo maana taa yangu ya bluu, yenye urefu wa wimbi karibu nanomita 450, imegonga mlango na kufunguliwa, na nyekundu imegonga mpaka mikono ikauma. Bluu ikiingia, kiungo kile kinajifunga kwa nguvu kwenye protini, protini inabadilika umbo, na kwa kuwa tayari imekaa na mwenzake White Collar-2 kwenye kiini cha seli, jirani kabisa na jeni, inaziwasha moja kwa moja. Jicho na swichi ni kitu kimoja. Katika Neurospora, jeni za kwanza huitikia ndani ya dakika chache.

Neurospora haina nguzo na paa kama mamama. Twende basi Okayama, Japani, kwa uyoga wa wino. Huu unaota kwenye samadi, unamaliza safari yake ya maisha kwa takriban wiki mbili, halafu kofia yake inayeyuka kuwa ujimaji mweusi. Katika hali ya kawaida, ukiuweka gizani unatoa kile wataalamu wanachokiita shina la giza: nguzo ndefu yenye kijikofia kisichokomaa. Watafiti wakapata aina iliyotoa shina hilo hata mchana kweupe, kana kwamba imefumbwa macho. Mwaka 2005 wakatangaza jeni iliyoharibika, wakaiita dst1. Ilikuwa nini? Ndugu wa damu wa White Collar-1! Ukoo mmoja wa jicho, kuanzia kuvu ya majivu hadi uyoga wa samadi.

Kuna na Schizophyllum commune, uyoga mdogo kama feni unaoota kwenye miti iliyokufa karibu dunia nzima, na sehemu za Kongo unaliwa. Mwaka 2013 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliripoti kilichotokea walipoziondoa jeni za White Collar-1 na White Collar-2. Uyoga ukashindwa kujiumba, mwanga upo au haupo. Tena aina hizo zisizoona ziliumizwa zaidi na mwanga mkali, kwa sababu jicho lile lile linalosema "jenga" ndilo linalosema "jifunike, jua kali". Protini moja ina kazi ya mjenzi na ya mlinzi wa zamu.

Na kipengele nilichokipenda kuliko vyote ni hiki: kuzoea. Neurospora ikimulikwa, moja ya protini inazotengeneza ni ndogo iitwayo VVD, na kazi yake ni kwenda kumtuliza White Collar. Baada ya muda, mwanga ule ule hausisimui tena mpaka uongezwe. Yaani habari ikishapokelewa, haisikilizwi mara mbili. Niliposoma hilo nilikwenda moja kwa moja kuzima taa. Kuwasha saa ishirini na nne ni kuendelea kubisha hodi nyumba ambayo wenyewe wamekwisha kukukaribisha.

Bwana wa Winnipeg

Usidhani haya ni mambo ya kizazi cha LED. Mwaka 1793 Alexander von Humboldt, akiwa kijana wa miaka 23, alichapisha kitabu cha Kilatini juu ya viumbe visivyotoa maua vinavyoota chini ya ardhi, katika migodi ya Freiberg, Ujerumani. Migodini, kwenye nguzo za mbao za kuzuia dari, kuvu huota maumbo ya ajabu, kama pembe za kulungu. Watu walidhani ni jamii nyingine kabisa.

Aliyefungua fumbo hilo kwa subira ni Reginald Buller, Mwingereza aliyekwenda kufundisha Winnipeg, Kanada. Mwaka 1905 alichapisha majaribio yake juu ya uyoga unaoozesha mataruma ya mbao ya reli. Gizani aliupata ukitoa pembe tu. Akiupa mwanga, kofia inakuja. Na akaona jambo ambalo mimi nililiona dirishani bila kulielewa: shina changa linauelekea mwanga kwanza, kama mtu anayefuata ufa wa mlango. Kofia ikishaanza, linabadilisha bwana, linaanza kutii uzito wa dunia na kujisimamisha wima. Sababu ni spora. Vitamvua vikilala upande, spora zitagota kwenye ukuta wa jirani. Lazima vining'inie wima ili zidondoke katikati na kuchukuliwa na upepo. Mwanga unaonyesha mlango ulipo, mvuto wa dunia unapiga timazi.

Huyu huyu Buller, nakuapia, ndiye mtunzi wa kishairi maarufu cha utani juu ya binti aliyesafiri kwa kasi kuliko mwanga, kilichotoka katika gazeti la Punch mwaka 1923. Mtu aliyeupenda mwanga pande zote.

Washindani wa mwanga

Mpenzi wa kitu lazima awe mkweli, kwa hiyo nikaenda kutafuta wanaokataa.

Wa kwanza ni ule uyoga mweupe wa mviringo kama kifungo, wa supamaketi. Huo hauna haja na taa. Unavunwa gizani bila shida, na ndiyo maana Wafaransa waliweza kuulima kwenye machimbo ya mawe chini ya Paris katika karne ya 19. Nguzo na paa vinakuja vyenyewe, mradi hewa, unyevu na ubaridi viwe sawa.

Wa pili ni enoki wa Kijapani, ule mwembamba mweupe kama tambi. Porini ni wa rangi ya asali, mfupi, na kofia yake imefunguka vizuri. Wakulima wameugeuza kwa makusudi kuwa tambi kwa kuunyima mwanga na kuuachia hewa ukaa. Kile kilichonishtua kabatini, Japani kinafungwa kwenye pakiti na kuuzwa!

Wa tatu ndiye aliyeniangusha kwenye kiti. Aspergillus nidulans, kuvu ndogo ya udongoni, inafanya kinyume. Mchana inatoa vumbi la haraka lisilohitaji mume na mke. Gizani ndipo inapounda matunda yake ya uzazi kamili, vijidonge vidogo mno. Mwaka 2008 kundi la Göttingen, Ujerumani, lilionyesha kiini cha mchezo: protini iitwayo VeA ambayo gizani huingia kwenye kiini cha seli na kuungana na wenzake wawili, na mwangani hupunguziwa ruhusa ya kuingia. Tena kuvu hiyo ina jicho la nyekundu pia, la aina ile iliyomo kwenye mimea. Kwa hiyo nyekundu yangu haikuwa taa mbovu. Nimeipeleka nyumba isiyo yake.

Kasoro, maana zipo

Kasoro ya kwanza ni ya kijani. Adui wa kila mkulima wa uyoga ni Trichoderma, kuvu inayoanza nyeupe kama mbegu yako, mpaka siku inapogeuka kijani na mfuko umekwisha. Sasa pata hii: nayo inasikia mwanga wa bluu, kwa jicho la ukoo ule ule! Ukiiotesha gizani kwenye sahani ya maabara kisha ukaimulika muda mfupi, baada ya siku moja au mbili inaweka pete ya vumbi la kijani mahali hasa ulipokuwa ukingo wake wakati wa kumulikwa. Kama muhuri wa tarehe. Maana yake taa inayoita uyoga wako inamwita na mwizi. Usafi wa mfuko kabla ya taa ndio unaoamua nani aitike. Chumba cha giza cha shangazi kina hekima kuliko nilivyokipa heshima: kinaiacha mbegu iushike mfuko wote kabla mtu yeyote hajatangaziwa kwamba kumekucha.

Ya pili, nguvu. Wakulima wa mamama huzungumzia laksi 500 hadi 1,000, yaani mwanga wa kusomea gazeti bila kukunja uso. Jua la mchana linafika laksi 100,000. Mfuko ukikaa humo, uyoga utaanikwa kabla ya kuvunwa.

Ya tatu, taa si tiba ya ujinga. Bila hewa na unyevu, bluu yako itaangazia mfuko mkavu. Na uyoga wa wino unafundisha jambo jingine: mwanga unauanzisha, lakini ukikaa mfululizo bila giza, kazi ya kutengeneza spora inaweza kukwama. Mchana na usiku vinapokezana kwa sababu.

Cha nyongeza, bila malipo

Unadhani kazi ya mwanga inaishia kwenye kuvuna? Ndani ya tando za seli za uyoga mna kitu kiitwacho ergosteroli, na miale ya jua isiyoonekana kwa macho inakigeuza kuwa vitamini D2. Hata baada ya kuchumwa! Nilikata mavuno yangu, nikayapanga kwenye ungo vitamvua vikiangalia juu, nikayaweka juani saa sita mchana kwa nusu saa kabla ya kuyapika kwa nazi na bizari. Mke wangu, yule wa "ni uyoga", aliongeza sahani.

Hukumu

Taa ya bluu, nyota nne. Imenipa uyoga mzuri sana, na imenipa kitu ambacho dirisha lisingenipa: kuona, kwa kubonyeza rimoti, rangi ipi inasikika. Mwenye chumba kisicho na dirisha, mwenye mtoto anayependa maswali, anunue leo. Taa nyekundu, nyota moja, ya mapambo ya sebule. Dirisha, nyota tano, maana limeshinda kwa uzito na kwa rangi, na bili yake ni sifuri.

Nilipompelekea shangazi hukumu hii, alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, wewe umenunua taa. Mimi nilipojenga chumba cha pili niliacha matofali mawili." Matofali mawili tu, upande wa kaskazini, na mwanga unaingia wa kusomea gazeti.

Kimebaki kitu kimoja, nacho kinanifanya niandike nikiwa nimekaa sakafuni. Siku tatu zilizopita niliivua kaniki kwenye mfuko wa tano. Nilitaka kuutupa, vidole vyake butu vilishakaa siku nyingi mno, nikadhani wakati umepita. Uvivu ukaniokoa, nikauacha pale dirishani. Jana ncha zilikuwa zimeiva rangi, kutoka nyeupe kwenda kijivu. Leo alfajiri, kwenye kidole kimoja, kisha cha pili, kisha cha tano, kuna duara. Dogo kama kifungo cha shati, kingo zake zimejikunja kwenda chini, limekaa juu ya nguzo iliyolingoja gizani wiki mbili.

Wanaezeka. Nakwenda kumwamsha tena.